Dereva Aliyeshuka Kutafuta Maji

Katikati ya kitabu gari linachemka. Dereva analiegesha kando ya njia, anafungua boneti, anachukua debe na kuingia vichakani kutafuta maji ya rejeta. Hapo ndipo mwisho wake. Kitabu kina zaidi ya kurasa mia mbili baada ya hapo, na katika kurasa hizo watu wanabusiana, wanazimia, wanafufuka na kudungwa vigingi moyoni, lakini dereva harudi na debe lake. Hafi, hafukuzwi kazi, haagani na mtu. Gari lenyewe linaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Sura mbili mbele linapanda kilima, bwana na bibi wako kiti cha nyuma, na haisemwi ni nani aliyeshika usukani.

Mwandishi alimsahau. Mimi nimefanya kazi ya redio huku Kwale kwa miaka mingi, kukusanya habari na kuzisoma, na mhariri wangu wa kwanza angeirusha karatasi yenye kosa kama hilo dirishani, na mimi nyuma yake. Lakini wasomaji wengi nadhani walipita tu. Walikuwa wameshughulika na mabusu.

Uani kwetu Msambweni hakupita mtu. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa amekisikiliza kitabu mpaka mwisho kwa ajili ya dereva yule peke yake.

Nirudi mwanzo.

Kitabu kililetwa na mpangaji wetu, msichana wa bara anayefanya usafi katika nyumba za wageni ufukweni. Wageni wakiondoka huacha vitu: mafuta ya jua yaliyobaki nusu, ndala ya mguu mmoja, vitabu vilivyovimba kwa maji ya chumvi. Alisimama mlangoni akikipunga.

"Mathe, cheki hii! Ni ya mavampaya, lakini wa hapa hapa Coast. Story ni noma!"

"Kwanza salamu," akasema mavyaa, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa sema."

Jaladani palichorwa mwanamke mwenye gauni jeupe akikimbia pekupeku ufukweni, nywele zikipeperuka upande mmoja na gauni upande mwingine, kana kwamba upepo ulivuma kutoka pande mbili. Nyuma yake kulikuwa na jumba lenye minara, na juu ya minara popo. Niligeuza nyuma nikasoma kwa sauti yale maelezo ya kumvutia mnunuzi, nikiyatia Kiswahili: mapenzi ya kutisha ya zama za ukoloni, yaliyotokana na visa vya kweli vya mumiani katika pwani ya kusini mwa Mombasa.

Nilipotamka mumiani, vidole vya mavyaa, vilivyokuwa vikisuka, vilisimama.

Asiyekulia pwani huenda hamjui. Mumiani ni mtu anayewinda damu ya watu. Hainywi, anaiuza, husemwa kwamba inatengenezwa dawa ya wakubwa. Ana gari, ana taa kali, ana kitambaa chenye dawa ya kukulaza. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kupokea peremende kwa mtu yeyote aliyeshuka garini, na ninakumbuka nikiikataa peremende ya daktari wa meno, ambaye pengine alikuwa na sababu zake nyingine.

Kwa mavyaa, mumiani alikuwa mtu wa nyumbani. Babake aliitwa hivyo.

Zamani hizo, kabla ya uhuru, kulikuwa na watafiti wa ugonjwa wa matende waliozunguka vijijini. Ugonjwa huu una ukaidi wake: vijidudu vyake hujificha mchana na kujitokeza kwenye damu usiku, kwa hivyo anayevitafuta hana budi kutoa watu damu wakati wamelala. Fikiria basi gari linaingia kijijini gizani, taa zinawaka, mgeni anashuka na sindano. Hata ungelipwa kubuni njia ya kuwatisha watu usingeipata bora kuliko hiyo. Babake mavyaa ndiye aliyeliendesha gari hilo. Siku moja kijiji kimoja cha ndani, njia ya kwenda Lunga Lunga, kililipiga mawe. Watafiti walirudi kwa miguu, wamepasuka vichwa. Gari lilikutwa limeteketea. Dereva hakuonekana, mzima wala maiti.

Mavyaa alikuwa ndiyo kwanza ang'oke meno ya mbele. Mamake hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kifo. Hakuolewa tena, kwa sababu hakuna aliyemwacha. Alikufa akiwa si mjane wala si mke. Babake naye hajasomewa hitima mpaka leo. Imamu alishamwambia mavyaa kwamba kwa hesabu ya umri tu mzee yule hawezi kuwa hai, na dua haina madhara. Jibu la mavyaa huwa moja: "Nitamsomea. Lakini nimsomee kwa moyo upi? Wa mtu aliyeuawa, au wa mtu aliyetukimbia?"

Hilo tu ndilo alilotaka kujua maishani mwake, na sasa hapa palikuwa na kitabu kinachodai kuvijua visa vya mumiani vya huku kwetu.

"Soma," akaniambia.

Baada ya adhuhuri, uani kwetu ni wakati wa ukili. Ukili ni ule ukanda mrefu unaosukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa, kisha kanda hushonwa pamoja zikawa mkeka. Mikono ya wasukaji haihitaji macho, na masikio yanakuwa huru kwa lolote. Mavyaa husuka na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, bibi mfupi mwenye ulimi ambao, kama yeye mwenyewe asemavyo, ulizaliwa kabla yake. Wawili hawa wamekuwa wakitaniana tangu siku ya arusi.

"Hadithi mchana?" wifi akalalamika siku ya kwanza. "Tutaota mapembe."

"Hii si hadithi, ni kitabu."

"Na cha mambo ya kwenu! Haya, soma, mwanangu, tusikie wakwe zetu walivyotunyonya."

"Kwani kaka yako alinioa kwa nini?" mavyaa akajibu. "Aliogopa kukataa."

Nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa Kiswahili kwa kinywa. Siku chache tu zilinitosha kugundua kanuni moja ambayo wahakiki wa vitabu wangefaidika nayo. Kisa kikinoga, ukili unalegea, kwa sababu mikono inasahau kukaza. Kisa kikichosha, ukili unatoka umekaza na kunyooka kama rula. Kwa kipimo hicho, sura za mwanzo za kitabu kile zilitoa ukili bora kuliko wote niliowahi kuuona Msambweni.

Bwana wa kitabu ni mzungu wa ukoo mkubwa aliyejenga jumba la mawe juu ya jabali. Anapenda binti wa mhubiri, na binti naye anampenda, lakini kila wanapokaribia kuelewana binti anazimia.

"Tena?" wifi akauliza.

"Tena."

"Mtoto huyu hana damu. Mumiani atapata nini kwake? Povu?"

Walivumilia mengi. Hawakuweza kuvumilia kwamba bwana yule, ndiye mumiani wa kitabu, alikunywa damu yenyewe.

"Mbichi?" mavyaa akashangaa.

"Shingoni, kwa meno."

"Astaghfirullah. Na gari analo?"

"Analo."

"Na kazi?"

"Hana kazi. Ni tajiri."

"Basi huyo si mumiani," wifi akatoa hukumu. "Mumiani ana bosi. Huyu ni mroho tu."

Nikawaeleza kwamba analala ndani ya jeneza, ingawa nyumba ina vyumba tele. Ubahili, wakasema. Nikawaeleza kwamba anakimbia kitunguu saumu. Wifi alicheka mpaka akaweka ukili chini. "Huku kwetu angeishije? Arusi moja tu, pilau likitiwa viungo, angejikuta Tanga!" Kisha tukafika mahali ambapo binti anasimama ufukweni Diani akitazama jua jekundu likizama baharini, na vichwa vyote viwili vikainuka kwa pamoja.

"Diani ipi?"

"Hii hii."

"Jua lizame baharini, linakochomoza?"

"Ndivyo alivyoandika."

Wifi alitafakari. "Labda alikuwa ameipa bahari mgongo, akaliona kwenye kioo."

"Pengine ni jua la asubuhi," mavyaa akamtetea mwandishi. Alikuwa bado anataka kumwamini. "Mzungu akilala sana hawezi kujua tofauti."

Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimehesabu kwa siri mambo ambayo mwandishi angeyapata sawa kwa kuuliza mtu mmoja tu, mtu yeyote, hata yule aliyemletea chai hotelini, na hesabu ilikuwa imenichosha. Ningekirudisha kitabu kwa mpangaji. Ndipo akatokea dereva.

Hana jina. Wote wengine wana majina, mpaka paka wa mhubiri. Anatajwa kwa kazi yake tu: dereva analeta gari, dereva anafungua mlango. Lakini katika mstari mmoja mwandishi anasema kwamba usukani wake umeviringishwa ukanda wa majani uliosukwa, usije ukamchoma viganja kwa jua, na kwamba ukanda huo una jani moja jekundu, upande mmoja, ukingoni.

"Soma tena," mavyaa akasema.

Nikasoma tena.

"Amesema upande mmoja?"

"Upande mmoja."

Ukili ulikuwa umemponyoka mkononi na kuanza kujifumua mapajani, na yeye hakuutazama. "Huo ni wa mama," akasema.

Mamake, akatueleza, ndiye aliyemsukia mumewe ukili wa kuviringisha usukani. Wasukaji wengine wakitia rangi huitia katikati, au pande zote mbili zilingane. Yeye alitia mwaa mmoja mwekundu ukingoni, upande mmoja tu, kwa sababu rangi ilikuwa haba na hakutaka ukili wa usukani uile rangi ya mikeka. Wenziwe walimcheka. Waliuita ukili wa chongo. Basi naye kwa ukaidi akaufanya kuwa wake, hata siku rangi ilipokuwa tele.

Wifi yake alikuwa na mzaha wa kila kitu, isipokuwa hili. Aliokota ule ukili mapajani mwa mavyaa, akaukaza pale ulipofumuka, akamrudishia.

Tangu hapo usomaji ulibadilika. Mavyaa aliamuru turuke kila kitu kisichokuwa na gari ndani yake. Nikifika penye mabusu ananikatiza: "Ruka. Waache peke yao." Tulivuka karamu, misa, mwezi mpevu na kuzimia kusikohesabika, tukimtafuta dereva kama watu wanaotafuta sindano mchangani. Alionekana mara chache. Alingoja nje ya kanisa. Alifuta kioo. Mara moja alitabasamu, na mavyaa akataka kujua kama meno yametajwa, kwa kuwa babake alikuwa na mwanya.

Kisha gari likachemka.

"Atarudi na maji," mavyaa akasema siku ile.

Siku iliyofuata akasema maji yako mbali. Siku baada ya hiyo wifi akapendekeza kwamba dereva amekutana na mwanamke kisimani, na akatazamwa kwa jicho lililomnyamazisha. Nilirudi nyuma kusoma yale mabusu tuliyoyaruka, nikidhani labda amepita humo. Hakupita. Mwisho bwana mumiani alichomwa na jua, la asubuhi safari hii, akageuka majivu. Binti akazimia mara ya mwisho. Meli ikamchukua kwao. Nikafunga kitabu.

"Na dereva?"

"Hakutajwa, mama."

"Tazama nyuma."

Nikatazama. Nyuma palikuwa na picha ya mwandishi, mama mzee wa kizungu aliyepakata mbwa, na maneno kwamba miezi ya baridi huko kwao huipitisha Diani.

"Kumbe jirani!" wifi akasema. "Twendeni tukamuulize."

Nilidhani ni mzaha. Lakini mpangaji wetu, ambaye simu yake inajua kila linalotokea ufukweni, hakukawia kututangazia kwamba mwandishi atazungumza na wasomaji alasiri ya Jumamosi katika hoteli moja Diani. "Entry ni free, shosho. Na kuna samosa."

Tulikwenda watatu. Mavyaa alivaa buibui la Idi na kujipaka udi. Ukumbi ulikuwa wazi upande wa bahari, viti vyeupe, wazungu wazee waliochomwa na jua, na Wakenya wachache waliokuja, nadhani, kama sisi, kila mmoja na lake. Mwandishi alikuwa mwembamba, mpole, anayejipepea kwa kitabu chake mwenyewe. Watu waliuliza alikopata wazo, na kama mapenzi ya kweli yanaweza kushinda mauti. Alisema yanaweza.

Mavyaa akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Hujambo, mwanangu," akamwambia. "Hongera kwa kazi, Mungu akuzidishie. Nina swali moja. Yule dereva alikwenda wapi?"

Nikatafsiri. Mwandishi aliinamisha kichwa.

"Dereva yupi?"

Nikamwambia yupi: wa debe, wa maji. Alifunua kurasa, akafunua tena, na uso ukamwiva taratibu kuanzia shingoni. Halafu akacheka kwa aibu, kicheko kizuri, wala sikuweza kumchukia. Alisema alikuwa na mpango na dereva yule, wa mauti ya kusikitisha. Kisha kitabu kilikuwa kirefu mno, yeye akadhani mhariri amemwondoa, na mhariri akadhani yeye amemuua. Ukumbi mzima ulicheka. Akasema toleo lijalo atalirekebisha, kisha akamgeukia mavyaa kwa heshima: mama angependa dereva afe, au arudi?

Nilipotafsiri hilo, mavyaa alingoja vicheko viishe.

"Mwambie asimguse," akasema. "Muulize ukili."

Nikauliza. Kwa hili mwandishi alikumbuka vizuri, akachangamka. Ukanda ule hakuuona garini. Aliuona mwaka juzi, Mkwiro, kwenye kisiwa cha Wasini, siku waliyopelekwa na mashua kutazama pomboo. Nahodha alikuwa ameviringisha mkono wa injini kwa ukanda uliosukwa. Mwandishi aliupenda akaomba kuushika, na ule wekundu ukamwachia alama kiganjani. Ulikuwa mpya kiasi hicho. Akauliza ni wa nini, na mtembeza wageni akamfasiria: nahodha anasema ni desturi ya kwao, mzee wao aliianza zamani alipokuwa dereva wa gari.

"Mzee wao, babake?" nikauliza. "Au babu?"

Hakuwa na hakika. Kulikuwa na upepo.

"Na nahodha anaitwa nani?"

Mwandishi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakuwa ameuliza.

Nimekaa na watu walioficha mengi na watu waliosahau mengi, na nimejifunza kutabasamu. Siku ile tabasamu lilinichukua nguvu. Mtu alisimama ndani ya mashua, akaushika ukili ule kwa mkono wake, akamuuliza mwenyewe, akajibiwa, akarudi hotelini akaandika kurasa na kurasa za binti anayezimia, na hakuuliza jina!

Wifi alitia samosa mbili katika kitambaa, tukaondoka.

Tulipofika nyumbani na kuvua viatu, wifi ndiye aliyeanza kuzungumza, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake.

"Basi, wifi yangu, hakuuawa. Alhamdulillahi. Sasa wakikuita mtoto wa mumiani waambie babako alikufa mvuvi."

"Kutoka Mkwiro," mavyaa akasema, "mtu akivuka hadi Shimoni asubuhi, adhuhuri yuko hapa anakula."

Wifi akaanza kuvipanga viatu mlangoni.

"Mama alikuwa akimwekea chakula," mavyaa akaendelea. "Sahani iliyofunikwa, kila siku, mpaka nilipoolewa. Na yeye yuko Mkwiro?"

Hapo nikaona ni wajibu wangu kuzungumza, maana nilikuwa nimeona jinsi habari nusu inavyoweza kumla mtu. Nikamwambia kwamba hatujui lolote bado. Madereva walikuwa wengi. Rangi ilikuwa haba kwa watu wote, si kwa mamake peke yake, na mwanamke mwingine angeweza kufikia wazo lile lile. Mtembeza wageni angeweza kutafsiri vibaya. Mwandishi mwenyewe, tusisahau, ndiye aliyelizamisha jua baharini.

Mavyaa alisikiliza yote, akakubali yote kwa kichwa.

"Kweli," akasema. "Yote kweli."

Wiki zilizofuata waliushona ule ukili wa kitabu ukawa mkeka. Nimeutandika na kuutazama mara nyingi. Ni mkeka mzuri, umekaza, ila sehemu mbili: moja pale dereva alipotokea, nyingine pale alipoingia vichakani. Ukipitisha kiganja unapahisi. Mavyaa amekataa kuuza, na amekataa kuutumia. Amesema mtu haendi kwa jamaa mara ya kwanza mikono mitupu. Wifi akamuuliza jamaa gani, akajibiwa, "Wowote." Mkeka umekunjwa, umesimama nyuma ya mlango.

Hajasema tutakwenda lini. Mpangaji wetu ameshajitolea kumtafuta nahodha kwa simu, kwa kuwa Mkwiro si mji mkubwa na mashua za pomboo zote zina picha mtandaoni. Mavyaa amemwomba asitafute. Anasema mashua zipo kila siku, na yeye yupo. Imamu alipompitia baada ya Ijumaa na kuuliza habari ya hitima, alimpa chai na kumwambia bado kidogo.

Juzi tu, tukichambua mchele, alianza kuzungumza kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Ukili wa usukani haukai. Jasho linauoza. Mama alikuwa akisuka mwingine kila baada ya Ramadhani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo ule wa mashua, mtu kausuka juzijuzi."

"Ndiyo."

"Na aliyeusuka kafundishwa na mtu."

Nikasema labda mzee mwenyewe aliwafundisha wa huko. Mavyaa akacheka, na ni mara chache anacheka akimzungumzia.

"Baba? Alikuwa akishika mwaa kama anashika nyoka. Mama alijaribu kumfundisha, akajifunga vidole."

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilibaki na yale ninayoyajua, na nimeyapanga kila namna bila kupata namna ya kuyaunga. Babake hakujua kusuka. Mamake hakuwahi kuvuka maji kwenda Mkwiro. Na ukili ule, mwaka juzi, ulikuwa mpya kiasi cha kuacha rangi mkononi.